NYUMBA NA BUSTANI: Adui Aliye Ndani ya Kopo



Huku kwetu Wanging'ombe nyumba nyingi zina makopo ya maua mlangoni, na siku hizi kando yake vimepangwa viriba vya miche ya parachichi. Basi ua likinyauka, mama wa nyumba husema, "Limekosa maji," akalimwagilia asubuhi na jioni. Nalo lazidi kunyauka. Kumbe maji yapo tele. Kilicholiwa ni mizizi.

Mmea wa shambani ukiliwa mzizi mmoja, hupeleka mwingine mbali. Ule wa koponi hauna pa kukimbilia. Kwa hiyo yafaa tumjue adui kwa alama zake.

Kwanza, wako inzi wadogo weusi, mfano wa visubi, warukao ukigusa kopo. Wenyewe hawana neno. Waharibifu ni watoto wao. Hao ni vifunza vyeupe vyenye kichwa cheusi, urefu kama milimita 5, nao hupenda udongo ulio majimaji daima. Kuwapima ni rahisi: laza kipande cha kiazi mviringo juu ya udongo, ukifunue kesho yake. Wakiwapo, utawakuta upande wa chini. Tupa kipande hicho motoni, uweke kingine. Kisha toboa matundu chini ya kopo, na kabla ya kumwagilia tena acha udongo wa juu ukauke, unene wa pingili moja ya kidole. Kizazi chao huchukua wiki 3 au 4, hata zaidi penye baridi. Basi usichoke baada ya siku mbili.

Pili, wako funza wanene weupe waliojikunja, watoto wa mbawakawa. Mara nyingi huja pamoja na samadi isiyooza vizuri. Mwaga udongo juu ya gunia, waokote, wape kuku. Na ukikuta asubuhi mche umekatwa usawa wa ardhi, huyo ni sota. Fukua karibu na shina, utamkuta amelala.

Tatu, iko minyoo fundo. Haionekani kwa macho, ila mizizi huota uvimbe kama shanga. Mmea wa namna hiyo usihangaike kuutibu. Uchome pamoja na mizizi yake, wala udongo wake usiumwage bustanini, kwa maana minyoo hiyo hushambulia nyanya na viazi pia. Debe la udongo twaweza kulipika, shamba hatuwezi.

Na kulipika ndiko huku. Jaza udongo wenye unyevu kidogo katika debe, zika kiazi kimoja katikati, funika, weka juu ya moto mdogo huko nje. Kiazi kikiiva, udongo nao umeiva: wadudu na mayai yao wamekufa. Usiuache uungue, maana utapoteza rutuba. Uache upoe kabisa, ndipo upande.

Neno la mwisho ni juu ya sumu. Wako watu wanaomimina mafuta ya taa katika kopo. Hayo huua ua lenyewe. Wengine hutia dawa iliyobaki ya shambani. Tafadhali msifanye hivyo. Mtoto atambaaye huchezea udongo huo, kisha hutia vidole kinywani, na kuku huuparua. Hata DDT, iliyosifiwa sana zamani, ilikatazwa mashambani kwa Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, kwa kuwa hukaa miaka mingi katika udongo na katika miili ya watu na wanyama.

Kwa hiyo, kabla ya kununua dawa yo yote, ng'oa mmea mmoja mgonjwa, ukamwonyeshe bwana shamba mizizi yake. Majani peke yake hayatamwambia mengi.