Tela Moja, Gari Nyingi

Ndugu Wanachama,

Msimu u karibu, na kabla majamvi hayajatandikwa twapenda kusema neno juu ya tela ya Chama. Msimu uliopita ilichomoka katika pikapu ya mwenzetu mmoja mteremkoni, na magunia matano yakaingia mtaroni mvua ikinyesha. Kila mmoja wetu ajua karafuu iliyorowa hupewa daraja gani kituoni. Wachumaji wawili walikuwa wamekaa juu ya magunia hayo. Alhamdulillahi, hawakuumia.

Wengi walimlaumu dereva. Sisi twasema kosa ni la kamati, nasi tumo ndani yake. Tulinunua chuma cha kuvutia cha kimo kimoja kwa kuwa ni rahisi, tukawapa wanachama wote wakitumie. Tena tufe lake ni la inchi 1⅞, na kichwa cha tela ni cha inchi 2. Vitu hivyo hukaa pamoja barabara ikiwa nzuri, na huachana penye shimo.

Gari zetu hazilingani kimo. Iliyo juu huinua pua ya tela. Uzito ukarudi nyuma, na tela ikaanza kuyumba. Iliyo chini huiinamisha. Mzigo ukakandamiza gari nyuma, magurudumu ya mbele yakawa mepesi, na usukani usitii. Tela yapasa kwenda sawa, kama jamvi lililotandikwa uwanjani.

Dawa ipo. Viko vyuma vyenye safu ya matundu, ambavyo tufe lake hupandishwa au kushushwa, kisha likafungwa kwa pini. Kwanza tela iwekwe sawa penye ardhi tambarare, ipimwe toka chini hata kichwani. Kisha lipimwe tundu la kila gari. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo itakayotuambia chuma kiwe na urefu gani. Na uwezo wake wa kuvuta usipungue uzito wa tela iliyojaa.

Wako watakaosema ni ghali. Twawauliza: magunia matano yalikuwa bei gani? Na wale wachumaji wawili, je, wana bei?

Kwa hiyo twauomba mkutano mkuu ukubali fedha za kununua chuma kimoja cha kupandishwa na kushushwa, na tufe la inchi 2. Hata kitakapopatikana, tela isitoke. Na kitakapopatikana, minyororo miwili ipitishwe msalaba chini ya kiungo, magunia yapangwe hata sehemu moja katika kumi ya uzito wote ilalie tufe, na mtu asipande juu ya mzigo, hata akiwa mwenye shamba.

Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wassalaam,
Katibu