Ruwenzori: mtoto ajue jina la mlima wa kwao

Mtoto wa sekta ya Ruwenzori, wilayani Beni, akiulizwa shuleni kilele kirefu kuliko vyote inchini Congo ni kipi, atajibu: Margherita, mita 5109. Jibu ni sahihi. Lakini akiulizwa Margherita alikuwa nani, pengine atanyamaza.

Margherita alikuwa malkia wa Italia. Mwaka wa 1906, Luigi Amedeo, mwana wa ukoo wa kifalme wa inchi hiyo, alipanda hadi juu na kukipa kilele jina la malkia wake. Kilele cha jirani kikaitwa Alexandra, malkia wa Uingereza. Mlima wenye vilele hivyo viwili ukaitwa Stanley. Wakati wa Zaire, jina la Stanley liliondolewa, likawekwa la Ngaliema. Huyo naye alikuwa chifu wa upande wa Kinshasa, magharibi kabisa ya inchi. Jina la mgeni liliondoka, lakini la wenyeji halikurudi.

Kumbe jina lilikuwepo. Banande wa Congo na Bakonzo wa Uganda wanasikilizana kwa lugha ijapokuwa mpaka unapita juu ya kilele. Kwao mlima ni Rwenzururu, mahali pa theluji. Jina hilo linafundisha kitu. Linasema juu kuna baridi na barafu, na maji ya huko yanashuka hadi mto Semuliki, kisha ziwa Albert na Nile. Leo barafu hiyo inapungua. Ikiisha, jina ndilo litabaki kutoa ushahidi.

Jambo hili si la vitabu tu. Jamaa nyingi zimekimbia vijiji vya chini ya mlima huo kwa sababu ya mauaji. Watoto wanakomalia Beni, Butembo, Oicha na mbali zaidi, bila kuuona mlima wenyewe. Mtu asiyejua majina ya kwao, kesho ataonyeshaje shamba la babu yake?

Walimu waendelee kufundisha Margherita, maana mtihani utaiuliza. Lakini wazazi, hata chini ya shitingi, wataje mbele ya watoto Rwenzururu, mito, vilima na vijiji vyao, kimoja kimoja. Vita imewanyanganya nyumba na mashamba. Majina bado wanayo mdomoni, na hayo hayahitaji lori wala ruhusa ili kusafiri nayo.