Nani alianzisha hii kazi kwenye klasta yako?

Wengi wetu tunalikumbuka daftari la wakala: jina, nambari ya kitambulisho, simu, kiasi, sahihi. Lilichosha, hasa foleni ikifika barabarani. Lakini mteja akirudi kesho yake akidai hakutoa pesa, hakuna kelele. Daftari lilifunguliwa na mambo yakaonekana.

Siku hizi wateja wetu wakubwa kutoka Naivasha hadi Molo, yaani sacco, shule, maduka ya jumla na mashamba, wameunganisha mifumo yao na malipo yetu. Baadhi ya mifumo hiyo inaendeshwa kwenye kontena zinazosimamiwa na Kubernetes, programu ambayo Google iliitoa kwa umma mwaka 2014. Sawa kabisa. Ila tukiuliza, “Hii kazi inayokula mashine hivi ilianzishwa na nani, na lini?” tunajibiwa ati ni yule kijana wa IT, na alishahama.

Msimamo wetu ni kwamba mfumo unaogusa pesa za watu usianze kazi kama logi za ukaguzi za klasta zimezimwa. Tunajua kuna watakaotuona wasumbufu.

Ukiisimika Kubernetes mwenyewe, haiandiki logi hizo mpaka uipe faili ya sera inayosema nini kiandikwe. Kwenye EKS ya Amazon nako lazima uziwashe. GKE ya Google huandika shughuli za usimamizi tangu siku ya kwanza. Zikishawashwa, kila ombi linalofika kwa seva kuu ya klasta linaacha alama: nani aliomba, alitaka kufanya nini, juu ya kitu gani, kutoka anwani gani, saa ngapi, na kama alikubaliwa au alikataliwa.

Sasa, kwa nini tunahangaika na uanzishaji wa kazi kuliko mambo mengine? Kwa sababu ya jambo ambalo hata mafundi wazuri hulisahau. Unaweza kumnyima mtu ruhusa ya kusoma siri za klasta, ukalala usingizi. Lakini ukimwachia ruhusa ya kuanzisha podi kwenye chumba kile kile, ataanzisha podi yake, aifungie siri hiyo ndani, halafu aisome humo. Na siri yenyewe ni nini? Mara nyingi ni ufunguo tuliokupa wa kutuma malipo. Kwa sacco ya wafugaji wa Njoro, huo ufunguo ndio pesa ya maziwa ya mwezi mzima.

Mwaka 2023 kampuni ya usalama Aqua Security ilieleza shambulio lililoingia kwenye klasta iliyokuwa inapokea maombi ya watu wasiojitambulisha. Wavamizi walijitengenezea akaunti iitwayo kube-controller, wakaipa mamlaka karibu yote, kisha wakaweka kazi inayojinakili kwenye kila mashine ili kuchimba sarafu za kidijitali. Imeji ilitoka kwa “kuberntesio”. Hebu soma tena polepole. Herufi e moja haipo! Ni mchezo ule ule wa meseji feki ambazo kila siku tunawaomba muangalie jina la mtumaji. Na hawakuishia kuchimba: Aqua walikuwa wameacha funguo za mtego humo ndani, zikajaribiwa siku hiyo hiyo.

Ukifungua logi utakutana na fujo mwanzoni. Podi nyingi zinaanzishwa na klasta yenyewe, hata usiku wa manane, kwa hiyo saa pekee haikuambii kitu. Fuata agizo lililo nyuma ya podi: nani alisema “weka nakala tatu”, au “weka moja kila mashine”, au “fanya hivi kila saa sita”? Binadamu akianzisha podi moja kwa moja kwa mkono, muulize. Akaunti ya mashine ambayo kazi yake ni kusoma tu ikianza kuanzisha vitu, amka. Kitu kipya ndani ya kube-system, imeji kutoka ghala msilolitumia, podi inayoomba kugusa diski ya mashine yenyewe: hayo hayangoji Jumatatu.

Kuna mtego mmoja wa sera. Kiwango cha chini cha logi kinakuambia kazi imeanzishwa, lakini hakikuonyeshi imeji iliyotumika, kwa hiyo kwa kazi mpya andika ombi lote. Kwa siri, usithubutu, maana utajikuta umenakili funguo zako ndani ya logi, na huo ni mlango mwingine.

Mafundi hulalamika kwamba logi zinakula diski. Kweli zinakula, ukiandika kila kitu. Acha maombi ya kusoma ambayo klasta hujipigia yenyewe mchana kutwa, mzigo utapungua sana. Halafu zitoe nje ya klasta, maana mwizi akishika nyumba yote atachoma na daftari. Na asomaye asiwe yule yule aliyejenga. Mkaguzi wa ndani wa sacco anaweza kabisa kufundishwa kusoma mistari hii. Hesabu anazosoma kila mwezi ni ngumu kuliko hizi.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data tangu ujue taarifa za watu zimevuja kwa namna inayoweza kuwadhuru. Bila logi, hiyo barua utaiandika na nini?

Wiki hii mpigie anayekuendeshea mfumo, umuulize: kazi ya mwisho kuanzishwa kwenye klasta yetu ilianzishwa na akaunti gani? Akikujibu kwa jina na saa, vizuri. Akianza kuzunguka, tupigie tukubadilishie ufunguo wa malipo, huo wa zamani tuuzime siku hiyo hiyo, wakati yeye anawasha logi.