Mchango wa Baridi Usingoje Theluji

Leo naomba tuzungumzie baridi. Si ile ya Makete au Limuru, ambayo ukivaa sweta na kunywa chai ya tangawizi unaisahau. Nazungumzia baridi ya Arsal, mji wa milimani nchini Lebanon, kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako wakimbizi wa Syria wamepitisha miaka mingi ndani ya mahema kwa sababu ya vita vilivyoanza 2011.

Hema lenyewe ni mbao na turubai. Mwaka 2019 mamlaka za Lebanon ziliamua kwamba ukuta wa matofali usizidi kimo cha mita moja hivi, kwa hiyo kuanzia kiunoni kwenda juu ni turubai tu. Katikati kuna jiko la dizeli lenye bomba la kutolea moshi. Theluji ikianguka usiku, sharti mtu aamke kuikung'uta, la sivyo uzito wake utaliangusha hema juu ya watoto.

Na dizeli ikiisha? Watu huchoma plastiki, matambara, hata viatu. Moshi unawaingia watoto vifuani, na moto ukishika turubai hauzimiki upesi. Nani kati yetu angepata usingizi hapo?

Ng'ambo ya mpaka, kwenye kambi za Idlib nchini Syria, hali ni hiyo hiyo. Tangu serikali ya Rais Assad wa Syria ianguke Desemba 2024, wengi wamerudi kwao, na wapo waliokuta nyumba zimebaki kuta bila paa wala madirisha. Hao nao baridi inawakuta.

Lakini baridi hii haimshtukizi mtu. Kila mwaka Desemba inajulikana itakuja. Mablanketi na mafuta yanunuliwe, yasafirishwe, yapandishwe milimani kabla barabara hazijafungwa na theluji. Fedha zikifika Januari, familia imeshalala wiki ngapi bila moto? Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, UNHCR, hutegemea karibu kabisa michango ya hiari, na mwaka 2025 baadhi ya serikali tajiri zilipunguza ya kwao.

Mtaniuliza: na wakimbizi wetu wa kambi za Nyarugusu na Kakuma? Nao ni wetu, tusiwapunguzie hata senti. Ila nyumba yenye moyo haijawahi kushindwa kumwongezea mgeni sahani.

Najua kuna mama ameshaanza kupekua kabati la nguo. Ahsante, mama, lakini sweta hizo mpe jirani. Kuzisafirisha hadi huko kunaweza kugharimu zaidi ya bei ya sweta zenyewe. Fedha ni bora: mkimbizi mmoja atanunua dizeli, mwingine buti za mtoto, mwingine dawa ya kifua. Nani anajua shida ya hema lile kuliko anayelala ndani yake?

Kazini, mnaweza kukubaliana kila mmoja atoe nauli ya siku moja? Nyumbani, watoto waelezwe mchango unakwenda wapi, nao watie sarafu zao. Anayetoa zaka ajue kwamba UNHCR ina mfuko maalumu wa zaka kwa wakimbizi. Wengine pitieni Msalaba Mwekundu, kanisani au msikitini, mradi ni mahali panapotoa risiti.

Kwenye vikoba na vyama vyetu vya kuzikana, jambo hili liingie kwenye kikao kijacho. Mweka hazina atume fedha kabla Septemba haijaisha, na risiti isomwe mbele ya wanachama wote.