Vitabu vya Upigaji Picha: Tuvisome, Kisha Tuandike Chetu

Nyanya yangu alipofariki, ilipatikana picha yake moja tu iliyofaa kuchapishwa katika kijitabu cha mazishi. Niliipeleka kwa kijana mmoja mwenye kibanda cha picha. Aliipokea kwa heshima, akanipa pole, akaketi mbele ya kompyuta yake. Baada ya nusu saa alinikabidhi picha ya mwanamke nisiyemjua: uso umeng'arishwa, kunyanzi zote zimetoweka, na lile kovu la kidevuni tulilozoea kuligusa tukiwa watoto limefutika. "Nimemsafisha," alisema kwa fahari. Mama alipoitazama aliuliza swali moja tu: "Huyu ni nani?"

Simlaumu kijana yule. Alifundishwa kitufe cha kubonyeza. Hakufundishwa wakati wa kutokibonyeza. Maarifa ya namna hiyo hukaa vitabuni, na vitabu vyenyewe haviongei lugha anayofikiria kwayo. Rai yangu katika makala haya ni kwamba vitabu vizuri vya fani hii vipo na yafaa tuvisome, lakini sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna deni la kukiandika kile kinachokosekana.

Anayeanza na aanze na Understanding Exposure cha Bryan Peterson, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1990. Humo atafahamu jinsi upana wa tundu la lenzi, muda wa kuingiza nuru na wepesi wa kamera kuhisi nuru unavyotegemeana. Kama fedha zinatosha kununua kimoja tu, ningemshauri anunue hicho. Anayetaka mawaidha mafupimafupi atayapata katika The Digital Photography Book cha Scott Kelby (2006), ilhali The Photographer's Eye cha Michael Freeman (2007) kitamfunza kupanga vitu ndani ya picha. Kuhusu uhariri, Adobe Photoshop for Photographers cha Martin Evening ni hazina, na asiyemudu bei ya Photoshop anaweza kujifunzia kwa GIMP, programu isiyolipiwa.

Aidha, nisingependa msomaji ampuuze Ansel Adams kwa kuwa aliandika kuhusu filamu. Vitabu vyake vitatu, The Camera, The Negative na The Print, vilivyotoka kati ya 1980 na 1983, vinadhihirisha kwamba uhariri wa picha haukuzaliwa na kompyuta. Katika chumba cha giza, mpiga picha aliongeza nuru hapa na kuipunguza pale, akijua sababu ya kila alichokitenda. Laiti kijana wetu angeyajua hayo, kovu la nyanya lingesalimika.

Hata hivyo, vitabu hivi viliandikwa chini ya jua jingine. Husifu nuru laini ya baada ya macheo na kabla ya machweo. Lakini hapa Cheptiret, karibu sana na ikweta, jua hupanda wima: huchukua takriban dakika 25 tu kufika nyuzi 6 juu ya upeo wa macho. London mwezi Desemba, safari hiyohiyo huchukua zaidi ya maradufu ya muda huo. Mwanafunzi anayefuata ushauri wa kitabu bila kulitazama jua lake atafika uwanjani nuru ikiwa tayari imekuwa kali.

Isitoshe, kuna suala la ngozi. Kipimanuru cha kamera hudhani kwamba kilicho mbele yake, kwa wastani, kina rangi ya kijivu cha kadiri. Mhitimu anapojaza picha kwa joho jeusi, kamera huzidisha nuru na joho likageuka kijivu. Bibi harusi anapovaa shela jeupe, kamera huipunguza nuru na uso wake mweusi ukazama gizani. Vitabu vya ughaibuni hupenda kulieleza jambo hili kwa mfano wa theluji. Wapiga picha wanaotoka Cheptiret kwenda Kesses siku ya mahafali ya Chuo Kikuu cha Moi hawahitaji theluji. Wanahitaji mfano wa joho na shela.

Watakaosema kwamba Kiswahili hakina msamiati wa kazi hii hawajakipa nafasi. Tundu la lenzi hupanuka gizani na kusinyaa nuruni. Kwa nini tusiliite mboni? Kilango kinachofunguka na kufumba mbele ya nuru kina kosa gani kikiitwa kope? Tena, wanaojifunza kwa Kiingereza hutatizwa na tarakimu za mboni hiyo: f/8 ni nyembamba kuliko f/4, nayo f/4 ni nyembamba kuliko f/2. Mswahili aliyezijua nusu, robo na thumni hatatizwi. Kipenyo cha mboni ni nusu, robo au thumni ya urefu wa fokasi wa lenzi, na hakuna asiyejua kwamba thumni ni ndogo kuliko robo. Kamera, lenzi na fokasi ni maneno yaliyokwisha kuzoeleka. Hayo tuyaache yalivyo.

Tena fani hii si ngeni kwetu. Capital Art Studio ilifunguliwa Zanzibar mwaka 1930. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, aliuonyesha ulimwengu njaa ya Ethiopia mwaka 1984. Lakini vitabu alivyotuachia, kama vile Cradle of Mankind (1981), ni vya Kiingereza na ni vya kutazamwa, si vya kufundishia.

Wapo watakaosema kwamba siku hizi video za mtandaoni zinatosha. Zinasaidia, sikatai. Ila video huonyesha mkono unavyokwenda. Kitabu humngoja msomaji hadi aelewe sababu.

Kwa hivyo, napendekeza chama chetu kianze na jambo dogo. Kila mwanachama amwendee mpiga picha mmoja, Cheptiret, Eldoret au kwao nyumbani, aandike maneno anayoyatumia kazini na makosa anayokumbana nayo. Wahadhiri wetu watusaidie kuyachuja maneno hayo. Kijitabu cha kurasa 40 kitakachotoka humo hakitamshinda Peterson, wala si lazima kimshinde. Sura yake ya mwisho, inayohusu uhariri, ianze kwa agizo moja: kabla hujaifuta alama yoyote usoni mwa mtu, waulize wanaompenda.