Skripti Isiguse Faili Kuu
Anayesimamia seva nyingi za Linux hawezi kufungua kila faili ya mipangilio kwa mkono, skripti haikwepeki. Swali ni iandike wapi. Wengi hutumia echo kuongeza mstari mwishoni mwa /etc/ssh/sshd_config, wakidhani neno la mwisho ndilo hushinda. Kwa sshd ni kinyume: thamani inayosomwa kwanza ndiyo hushika. Ukiongeza “PermitRootLogin no” chini ya faili ambayo tayari juu imeandikwa “yes”, root ataendelea kuingia, na skripti itamaliza kazi bila kulalamika. Wapo watakaosema sed -i hutibu hilo kwa kubadilisha mstari palepale. Ni kweli, mradi mstari upo na umeandikwa kama ulivyotarajia. Usipopatikana, sed hunyamaza na kuripoti mafanikio. Njia salama zaidi ni kuweka faili ndogo ndani ya saraka ya sshd_config.d, ambayo kwenye Debian na Ubuntu za sasa husomwa mwanzoni kupitia Include. Mle faili husomwa kwa mpangilio wa majina, kwa hiyo ipe yako namba ndogo. Skripti ikirudiwa mara kumi, matokeo ni yaleyale. Si kila programu ina saraka ya namna hiyo, lakini hilo halihalalishi pupa: hariri nakala, ikague, ndipo uihamishe mahali pake. Na kabla ya kuipakia upya huduma, sshd -t ikague maandishi, kisha sshd -T ionyeshe thamani zinazotumika kweli. Skripti isiyojikagua haijakamilika.