Utafiti wa bahari ufike dikoni

Mhariri,

Wanaodhani utafiti wa bahari ni mambo ya watalii watazame karai la mama karanga, muuza samaki wa kukaanga, hapa Utange: tafi na changu wa ukubwa wa kiganja, waliovuliwa kabla hawajataga.

Tim McClanahan, mwanaikolojia wa bahari wa shirika la uhifadhi wa wanyamapori la WCS, ameichunguza miamba ya Kenya tangu miaka ya 1980. Ameonyesha kwamba samaki aitwaye kikande akivuliwa kupita kiasi, viumbe wa miiba anaowala huzaana mno na kuyaguguna matumbawe, makao ya samaki. Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986, samaki waliongezeka uvuvi ulipokomeshwa.

Lakini mvuvi hali marufuku. Juya, wavu wa kukokota, lilikatazwa mwaka 2001. Je, aliyelitegemea alipewa nini badala yake? Watafiti wamekwisha kujaribu mitego ya malema yenye mwanya mwembamba, yanayopitisha samaki wachanga na kubakisha wakubwa. Kaunti iwasaidie wavuvi kuyapata, na matokeo ya utafiti yaelezwe kwa Kiswahili kwenye mikutano ya vikundi vya usimamizi wa fuo (BMU). Mwenye bahari ndiye anayepaswa kuambiwa kwanza.

Msomaji wako,
Utange, Kisauni